Siku Ishirini na Nane za Povu la Chundwa

Alhamisi, 2 Oktoba

Chupa hamsini zimeoshwa. Mara tatu kwa maji moto, mara mbili kwa maji yaliyochujwa. Bila sabuni. Likibaki tone moja la sabuni, hesabu yote imeharibika. Vidole vimekunjamana.

Sampuli ya kisima cha Chundwa, kijiji cha ng'ambo ya maji, iko kwenye friji tangu Jumanne. Leo nimeitikisa tena. Povu la vidole viwili. Nikaiacha mezani, nikaenda kuswali Adhuhuri, nikala, nikarudi. Povu liko palepale.

Bwana Kioko, mkubwa wangu hapa maabara, alisimama mlangoni akaitazama. Akauliza akina mama wa Chundwa wanafulia sabuni gani. Nikasema sijui.

Najua.

Jumamosi, 4 Oktoba

Nimekwenda kiwandani kwa Kaka Lali, mtaa wa Langoni. "Kiwanda" ni neno lake. Ni chumba cha chini, mapipa mawili ya kukorogea, mwiko mrefu kama kasia, na mvuke unaouma macho. Sabuni yake ya maji iko katika kila jiko la mtaa huu, langu pia. Ndiyo wanayofulia Chundwa. Yeye ndiye aliyewajengea pale mahali pa kufulia, miaka miwili sasa, karibu na kisima. Mashuka ya nyumba za wageni yanapelekwa kwa boti machafu, yanarudi meupe. Wanawake kumi na mmoja wanaishi kwa kazi hiyo. Kiongozi wao ni Mama Mwana Esha, mdogo wake marehemu mama yetu.

Maji ya kufulia huingia kwenye shimo la karo. Kutoka shimoni hadi kisimani ni hatua thelathini na mbili. Nilizihesabu.

Mwaka wa kwanza, hakuna shida. Mwezi wa nne mwaka huu Lali akabadilisha muuzaji wa dawa ya povu, ile inayong'oa mafuta. Mapipa mapya ya buluu, jina lilelile kwenye karatasi. Mwezi wa saba kisima kikaanza kutoa povu.

Nimemwomba kidogo ya ile ya zamani na kidogo ya mpya.

"Za kazi?"

"Za kazi."

Akaifuta kila chupa kwa kikoi chake kabla ya kunipa. Hakuuliza zaidi. Nilitaka aulize.

Jumatatu, 6 Oktoba

Siku ya sifuri.

Najiandikia nisije nikasahau nilivyofanya. Chupa zimejazwa maji safi yenye hewa mpaka kizibo cha kioo, pasibaki hata kiputo cha hewa. Ndani ya kila moja nimetia vijidudu vichache kutoka kwenye maji ya karo yaliyotulia. Kumi hazina chakula chochote. Kumi zina chumvi ya siki, chakula ambacho vijidudu hukipenda. Kumi zina dawa ya zamani ya Lali. Kumi zina dawa mpya. Kumi za mwisho zina dawa mpya na chumvi ya siki pamoja, ili nijue kama dawa inaviua.

Vijidudu vikila, vinapumua. Vikipumua, oksijeni iliyomo majini inapungua. Kila Jumatatu nafungua chupa kumi, mbili za kila aina, na kupima iliyobaki. Dawa ikiliwa sitini kwa mia au zaidi ndani ya siku ishirini na nane, hiyo inaoza upesi majini. Isipofika, haikufaulu.

Kabati la kupoza liko nyuzi ishirini na mbili. Giza. Nimefunga.

Sikuandika jina la Lali kwenye daftari la maabara. Nimeandika Z na M.

Jumatano, 8 Oktoba

Ustadhi Shee, imamu wa Chundwa, amekuja mwenyewe. Boti ya alfajiri, kofia mkononi, amelowa mpaka magoti. Mzee mpole. Hakutaka chai.

Watu wake wameacha kutia udhu kwa maji ya kisima. Amewaambia hivyo yeye. Povu peke yake lisingemtia wasiwasi, alisema, lakini ameyaonja na ladha imebadilika, na yeye ndiye atakayeulizwa. Kwa hivyo watu wanakwenda kisima cha mbali, kule kwenye mashamba. Kwa mwenye miguu mizuri ni nusu saa kwenda, na kurudi na ndoo ni zaidi.

Akauliza jambo moja tu. Kitu hiki kitakwisha chenyewe, ama la?

Nikamwambia ndicho ninachopima.

"Siku ngapi?"

"Ishirini na nane."

Akainamisha kichwa. Akasema wanaume wameanza kuwatupia maneno wanawake wa kufua. Mmoja aliwaita wachafuzi mbele ya watoto wao. Mama Mwana Esha akaendelea kusuuza.

Sikumwambia sabuni inatoka kwa nani. Sijui kama anajua. Anajua, bila shaka. Chundwa nzima inajua. Ila wanamheshimu Lali mno, hawamtaji.

Jumatatu, 13 Oktoba

Siku ya saba.

Chumvi ya siki imeliwa zaidi ya nusu. Vijidudu ni vizima, vina njaa. Dawa ya zamani, ishirini na mbili kwa mia. Dawa mpya, sifuri.

Nikarudia kutoneza, tone kwa tone mpaka rangi ipotee, kwenye chupa ya pili. Sifuri.

Wiki moja si kitu. Kuna vitu vinavyochelewa kuanza. Nimejiambia hivyo mara nyingi leo.

Jumatano, 15 Oktoba

Stima imekatika saa tatu asubuhi. Jenereta haikuwaka. Saa tano kabati lilikuwa nyuzi ishirini na nne na linapanda. Likipita hapo, wiki nzima imekwenda.

Nikampigia Lali. Kwa nini yeye? Kwa sababu tangu nina miaka tisa, nikikwama, huyo ndiye ninayempigia.

Akaja na makasha mawili ya samaki, barafu, na punda wa jirani. Tukapanga chupa zote zilizobaki ndani ya maji, tukatia barafu kidogo kidogo, mimi nikisoma kipimajoto na yeye akitia kwa kikombe. Tukabaki hivyo mpaka stima iliporudi saa kumi. Hakukaa kitako. Alizishika chupa kama mayai.

"Hizi za nani, Raya?"

"Za kazi."

"Ni kazi nzito, nti nzima yakungoja wewe," akasema, akacheka. Akikaa na mimi hurudi kwenye Kiamu cha nyumbani, nchi ikawa nti.

Nimeona haya. Mikono yake imepasuka kwa magadi, nyufa nyeusi hazifungi tena. Baba alipokufa Lali alikuwa na miaka kumi na saba, akaacha shule, akaanza kutembeza sabuni mlango kwa mlango. Mimi ndiye niliyemaliza chuo.

Joto ndani ya makasha halikupita ishirini na tatu. Jaribio limepona.

Jumapili, 19 Oktoba

Sikutaka Jumatatu ifike. Nimefua, nimepiga pasi, nimepika wali mwingi kuliko watu. Sabuni ya Lali jikoni. Nimeosha sahani kwa majivu na limau kama bibi. Upumbavu.

Jumatatu, 20 Oktoba

Siku ya kumi na nne. Sikukuu, ofisi zimefungwa, nimefungua maabara peke yangu.

Chumvi ya siki, sabini na tisa. Dawa ya zamani, sitini na moja. Imefaulu.

Dawa mpya, mbili kwa mia. Mbili ni kosa la kupima, si kuliwa.

Kwenye chupa za mchanganyiko vijidudu vimekula chumvi ya siki yote na kuiacha dawa. Kwa hivyo si sumu kwavyo. Vimeionja vikaikataa. Nadhani molekuli zake zina matawi, na vijidudu havipati pa kuanzia. Zile za zamani zimenyooka, vinazitafuna kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Jina moja kwenye karatasi, vitu viwili.

Sasa ninajua. Ningeweza kwenda Langoni leo, ni mwendo wa robo saa. Sikwenda. Nimejiambia jaribio halijaisha, kanuni ni siku ishirini na nane, mtu wa sayansi hasemi kabla ya wakati.

Mwoga pia husema hivyo.

Alhamisi, 23 Oktoba

Mama Mwana Esha ameanguka.

Asubuhi, akitoka kisima cha mbali, ndoo kichwani. Ndia ya kule, njia ya mashamba, imejaa mizizi pale kwenye minazi. Nyonga imevunjika. Wamembeba juu ya kitanda cha kamba mpaka kwenye boti, na boti imengoja maji yajae. Amefika hospitali hapa mjini Alasiri, amekauka midomo.

Nilimshika mkono. Alikuwa anaomba radhi. Anaomba radhi kwa kutusumbua.

Kisha akaniuliza, "Mwanangu, mai yetu yatapona lini?"

Nikamwambia karibu, inshallah.

Nimekaa ukumbini nikihesabu. Hata kama ningesema Jumatatu, leo kisima kingekuwa na povu vilevile, na angekwenda kule kule. Najua. Haisaidii.

Ijumaa, 24 Oktoba

Nimemwambia Lali.

Baada ya swala ya Ijumaa, kiwandani. Alikuwa amevaa kanzu bado. Nimesema yote mara moja, kama mtu anayetapika. Chupa, Z na M, sifuri, mbili.

Alikaa juu ya dumu.

"Zile nilizotia barafu."

"Ndizo."

"Umeniweka ndani ya chupa siku kumi na nane, Raya, na hunambii."

Akaniuliza kama Mama Mwana Esha anajua. Nikasema hapana. Akaniuliza kama Kioko anajua. Nikasema hapana.

Halafu akasema jambo ambalo sikulitegemea. Alipoanza kutumia mapipa ya buluu, aliona mfereji wa nje umejaa povu tangu asubuhi hadi Magharibi. Watoto wakilichezea. "Nilifurahi," akasema. "Nikasema hii ndiyo sabuni. Povu halifi."

Nikamwomba asimamishe. Akatikisa kichwa. Wanawake kumi na mmoja, akasema, na Esha kitandani anahitaji dawa, nani atawalisha? Zimebaki siku kumi, kanuni ni yako wewe mwenyewe. Zikiisha, tutazungumza.

Akafungua mlango nitoke. Hakunisindikiza mpaka pembeni mwa mtaa. Hiyo ni mara ya kwanza.

Jumamosi, 25 Oktoba

Nimemwambia Bwana Kioko pia. Kwamba M ni ya kaka yangu. Kwamba nilimdanganya.

Alivua miwani. Akasema ningepaswa kusema siku ya sifuri, na kwamba sasa mtu yeyote anaweza kusema nimempendelea, au nimemwonea. Ana haki. Alinena taratibu, jambo ambalo ni baya kuliko makelele.

Uamuzi wake: chupa zilizobaki atazipa namba mpya yeye, bila mimi kujua ipi ni ipi. Kuanzia sasa atatoneza kwa mkono wake. Mimi nitaosha vyombo.

Nimekubali. Nimefarijika, kusema kweli. Ndilo jambo lililoniuma zaidi, kwamba nimefarijika.

Jumatatu, 27 Oktoba

Siku ya ishirini na moja. Kioko ametoneza, mimi nimeandika namba bila kujua. Kisha akafungua karatasi yake.

Dawa ya zamani, sitini na nane. Mpya, nne.

Hospitali saa nane. Mama Mwana Esha ana homa ndogo. Hawajampasua, wanangoja daktari wa mifupa. Lali alikuwa pale kabla yangu, anamlisha uji. Aliponiona aliweka kijiko, akasema anakwenda kuswali. Wakati wa swala bado.

Mama akaona. Alinitazama tu kama alivyokuwa akitutazama tulipokuwa wadogo, tukigombana mbele ya sinia.

Jumatano, 29 Oktoba

Lali amesimamisha ufuaji Chundwa. Sikusikia kwake. Nimesikia kwa nahodha wa boti ya mizigo, amerudi na mashuka machafu. Mafurushi yamepangwa gatini, nyumba za wageni zinapiga simu.

Hakungoja siku zake kumi.

Nilitaka kwenda kumshukuru. Nikafika mpaka mlangoni, nikasikia anaburuta mapipa ndani. Nikarudi.

Ijumaa, 31 Oktoba

Mama anakohoa. Mguu mmoja umevimba. Mwuguzi kijana kutoka bara anamwita "cucu", na Mama anacheka kwa sababu hajui maana yake. Nikamwambia ni "bibi". Akasema basi aendelee.

Nimemwambia ukweli leo. Kwamba ni dawa ya Lali, kwamba Lali hakujua, kwamba mimi nilijua siku tatu kabla hajaanguka.

Alifumba macho nikadhani amelala. Kisha akasema, polepole, kila neno kwa pumzi yake:

"Wale wanawake waambiwe. Walitukanwa bure."

Basi. Akaniomba nimgeuze upande.

Jumatatu, 3 Novemba

Siku ya ishirini na nane.

Kioko ametoneza kuanzia saa mbili. Nimesimama kwenye sinki. Nimeona rangi ya buluu inavyopotea kwenye kila chupa, nyingine upesi, nyingine taratibu.

Dawa ya zamani, sabini na mbili. Mpya, sita. Chupa zisizo na chakula ziko sawa, chumvi ya siki iko sawa. Jaribio ni halali.

Sita kwa mia. Siku ishirini na nane.

Akaandika ripoti yeye, akatia sahihi yeye. Jina langu liko chini, "alisaidia". Ni sawa.

Nimepeleka nakala Langoni, nimeipitisha chini ya mlango. Karatasi ikavutwa kwa ndani. Alikuwa pale, upande wa pili, na hakufungua.

Jumatano, 5 Novemba

Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un.

Mama Mwana Esha amefariki saa kumi na moja alfajiri. Damu iliganda mguuni ikapanda kifuani, ndivyo alivyosema daktari. Mimi nilikuwa nyumbani. Lali ndiye aliyekuwepo. Yeye ndiye aliyemtamkia shahada.

Alinipigia simu. Neno moja, "Ndoo." Njoo.

Tumempeleka Chundwa kwa boti ya saa mbili. Bahari tulivu. Lali amekaa kichwani, mimi miguuni.

Kufika, wanawake walikuwa wamekwisha tayarisha. Sanda, kafuri, majani ya mkunazi yaliyotwangwa. Maji hakuna. Mtu mmoja aliuliza, si kwa ubaya, basi tumwoshe kwa yapi? Kisima kiko hapo nyuma ya ukuta. Kimejaa.

Lali akavua kanzu, akabaki na fulana na kikoi. Akachukua madumu mawili, akaishika njia ya mashamba. Wanaume wakamfuata, mmoja mmoja. Yule aliyewaita wanawake wachafuzi alikuwa miongoni mwao.

Alikwenda mara tatu. Niliyapokea madumu mlangoni. Mara ya tatu magoti yake yalikuwa na damu.

Tumemwosha wanne. Mimi nilimwagia. Maji yalikuwa matamu, baridi, hayana kitu. Nywele zake ni nyeupe zote, nami sikuwahi kujua, alizifunika daima. Mwoshaji mkuu alinionyesha pa kuanzia, upande wa kulia. Sikulia mpaka tulipomfunga.

Amezikwa kabla ya Alasiri.

Ijumaa, 7 Novemba

Nimebaki Chundwa, nyumba ya msiba. Nyumba imepakana na msikiti, na kipaza sauti kinaelekea uani kwetu.

Baada ya swala ya Ijumaa watu hawakutoka. Ustadhi Shee akasema kuna mtu ana neno. Kisha tukasikia sauti ya Lali. Wanawake wote wa kufua walikuwa uani, wanachambua mchele. Mikono ikasimama.

"Mimi ni Lali, mwana wa dada yake marehemu. Povu la kisima ni langu. Dawa niliileta mimi, na shimo la karo nililichimba mimi karibu na kisima. Si la wanawake hawa. Wao walifanya kazi niliyowapa. Aliyewatukana, anitukane mimi. Nawaomba radhi. Kwao kwanza, kisha kwenu."

Tulisikia pumzi yake kwenye kipaza.

"Wamepima mjini siku ishirini na nane. Haliondoki lenyewe. Kwa hivyo nitaliondoa."

Hakunitaja. Hakusema nani alipima.

Bi Zahra, mkubwa wa wale kumi waliobaki, alivuta ushungi akafuta macho. Kisha akasema tuendelee, mchele hautajichambua. Tukaendelea.

Jumapili, 9 Novemba

Kioko amekuja Chundwa kwa siku yake ya mapumziko, mtu wa bara, anatapika kwenye boti. Ameeleza mbele ya Ustadhi Shee na Lali: shimo la karo lifukuliwe, mchanga wake upelekwe mbali na maji. Kisima kivutwe kwa pampu, maji yapitishwe kwenye mapipa ya mchanga na makaa yaliyosagwa. Makaa hushika dawa. Si mara moja. Wiki nyingi, pengine miezi, na mvua zitasaidia.

Ustadhi akauliza lini ataruhusu udhu. Kioko akasema hilo si la maabara. Ustadhi akasema basi ni lake, na atayaonja kila Ijumaa.

Lali ameanza kuchoma vifuu vya nazi leo hii. Moshi umejaa kijiji. Wale wanawake wanavunja makaa kwa mawe, amewaajiri wao.

Alhamisi, 13 Novemba

Mjini. Nimerudi kazini. Sampuli za kawaida, visima vya vuli, chumvi na kinyesi. Mkono unafanya wenyewe.

Kiwanda cha Lali kimefungwa kwa kufuli. Mapipa manne ya buluu yamo ndani. Muuzaji hashiki simu. Kumwaga hakuna pa kumwagia. Kioko anaandikia ofisi za bara kuuliza yapelekwe wapi. Mpaka hapo yatakaa.

Jirani amenisimamisha ndiani. Eti nimemponza ndugu yangu kwa ajili ya karatasi. Nikamwitikia salamu nikapita.

Ijumaa, 21 Novemba

Mvua ya usiku kucha, imeacha asubuhi.

Sampuli ya tatu kutoka Chundwa. Nimetikisa. Povu la nusu kidole, likavunjika kabla sijaweka saa chini. Nimetikisa tena nisije nikajidanganya. Nusu kidole.

Ustadhi Shee ametuma ujumbe kwa simu ya mjukuu wake. Ameonja. Bado.

Jumamosi, 29 Novemba

Lali amekuja maabara.

Sikumtarajia. Amekonda, masizi yameingia kwenye nyufa za mikono, hayatoki. Alipiga hodi kama mgeni. Nikamvutia kiti, hakukaa.

Akatoa mfukoni chupa ndogo, ameifunga kwa karatasi ya gazeti. Kuna muuzaji mwingine, akasema, ana dawa ya povu. Kwake amechukua hii tu. Pipa hajanunua.

"Nimemwambia asubiri. Siku ishirini na nane?"

"Ishirini na nane."

"Na jina langu uliandike. Lote."

Nikafungua daftari. Nikaandika Lali, na jina la baba, na la babu. Alisimama begani kwangu akisoma, midomo ikimwenda, kama zamani aliponisikiliza nikisoma masomo yangu ya shule. Akaona nimekosea herufi moja. Nikasahihisha.

Tulikaa kidogo. Nikachemsha chai. Alikunywa yote, akaosha kikombe kwenye sinki kwa maji matupu, akakigeuza juu ya kitambaa.

Mlangoni akasema Jumatano anarudi Chundwa, ni zamu ya kubadilisha makaa, na kama nina nafasi niende, tukalizuru na kaburi.

Nikasema nitakwenda.